Bado, Karibu, Tayari

Wanaofika Nchi ya Taratibu hawakumbuki njia waliyopita. Mwantumu Shekue alichokumbuka ni kwamba alikuwa amemaliza chuo cha uhandisi, kwamba mama yake alishaanza kumwita injinia mbele ya majirani, na kwamba watu wa mradi wa maji wa kule kwao milimani walimwahidi kazi mara atakaposajiliwa kuwa mhandisi mwanagenzi. Kisha ukungu ukafunguka kama pazia, akajikuta amesimama kwenye uwanja wa nyasi fupi, bahasha ya vyeti kwapani, mbele ya nyumba ndefu nyeupe.

Nchi ile ni tulivu mno. Jua lake haliwaki, linang'aa tu, kama taa iliyofunikwa kitambaa. Watu wake huzungumza kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Wana jengo moja tu la maana, Nyumba ya Majina, na kila mwananchi ama anafanya kazi ndani yake, ama anasubiri ndani yake.

Mapokezini alikaa mama mnene mwenye uso mwema, amevaa soksi nyeupe bila viatu. Jina lake Bi Kidawa.

"Shikamoo, mama," Mwantumu akasema.

"Marahaba, Bado. Habari za utokako?"

"Nzuri. Ila mimi naitwa Mwantumu."

"Utaitwa," akajibu Bi Kidawa kwa upole. "Kwa sasa wewe ni Bado."

Akamweleza. Katika nchi ile kuna watu wa namna tatu. Bado ni yule aliyesoma lakini hajasajiliwa. Karibu ni mwanagenzi, aliyeandikishwa ajifunze kazi chini ya mkubwa wake. Na Tayari ni Tayari.

"Kwa hiyo mtu akiniambia karibu ndani..."

"Hawezi kukuambia. Hapa hatukaribishani ovyo, mwanangu. Ni cheo."

Mwantumu akauliza afanye nini ili awe Karibu. Bi Kidawa akasema ni mambo mawili mepesi. La kwanza, Tayari mmoja ashuhudie kwamba amemwona akifanya kazi ya uhandisi.

"Nitaifanyia wapi hiyo kazi?"

"Popote. Isipokuwa Bado haruhusiwi kufanya kazi."

"Sasa ataniona vipi?"

Bi Kidawa akatabasamu. Ilionekana kila anayefika humuuliza swali hilo, na yeye hulifurahia kila mara. "Hapo ndipo heshima ya usajili wetu ilipo," akasema. "La pili ni kuweka saini chini ya Kauli. Usijali, Kauli yenyewe ni fupi."

Mwantumu akageuka kuutazama mlango alioingilia. Kizingiti chake kilikuwa kimemfika magotini, akakivuka kwa kuinua sketi. Bawaba zake zilikuwa nyembamba, na kwenye fremu palikuwa na matundu yaliyowahi kushika nondo.

"Mama, mlango huu si ulikuwa dirisha?"

"Bado," akasema Bi Kidawa.

"Naam?"

Lakini Bi Kidawa hakuwa anamwita. Ndivyo sheria ilivyotaka: Bado akitamka jambo lolote linalohusu ujenzi, anayemsikia hujibu neno hilo moja, kisha anaendelea kama vile hakuna aliyefungua kinywa. Mama yule akakunja mikono, akamwonyesha ngazi ya kushuka chini, kwenye vyumba vya kusubiria.

*

Chumba alichopewa kilikuwa na madirisha makubwa ya vioo, na nje ya vioo palikuwa na udongo. Mizizi ya nyasi ilining'inia juu kabisa, myeupe na myembamba kama nyuzi za kushonea. Chini yake palikuwa na udongo mweusi, kisha wa kijivu, na mnyoo mmoja alipita taratibu nyuma ya kioo kama msafiri asiye na miadi. Hata hivyo chumba hakikuwa na giza. Mwanga wa mchana uliingia kwa mabomba yaliyopinda, ukaruka kutoka kipande cha kioo hadi kingine, ukatua sakafuni kama maziwa yaliyomwagika.

"Mabomba hayo tuliyafunga sisi," sauti ikasema. "Lakini hukunisikia, maana mimi ni Bado na wewe ni Bado."

Aliyesema alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mrefu, amejiinamia kidogo kwa kuzoea dari. Aliitwa Sechonge. Alikuwa amekuja kuandikishwa uanagenzi akiwa kijana.

"Chumba hiki nilipoingia kilikuwa cha juu," akasema. "Tulikuwa tunapungia watu mikono kupitia dirisha lile."

Hakusema kwa uchungu. Akamshika mkono, akampeleka chini zaidi. Kule Mwantumu akaona msitu. Magogo, vipande vya reli, milango iliyong'olewa, miguu ya meza iliyofungwa pamoja kwa nyaya, vyote vimesimamishwa wima kutoka sakafuni hadi darini, kila kimoja kimekazwa kwa kabari. Mabado walipita katikati yake kimya, huyu na nyundo, yule na timazi, wakigonga na kusikiliza. Maji yalijikusanya kwenye pembe, nao wakayanyonya kwa pampu waliyoitengeneza kwa viti vya ofisi.

"Nyumba inazama," Mwantumu akasema.

"Inazama. Udongo huu ni mfinyanzi, laini kama uji, tena haujapata kupimwa. Kila wanapoapishwa Tayari wapya, wakubwa hujijengea sakafu mpya juu, wadogo wao huhamia vyumba vyao, na chumba cha chini kabisa huachiwa sisi. Sakafu ikiongezwa juu, moja inakwenda chini. Sisi tunaichelewesha."

"Na wao hawajui?"

Sechonge akacheka kidogo. "Umewahi kumwona mtu asiyejua akitembea kwa nyayo za paka ndani ya nyumba yake? Sheria inawataka wavae soksi na watembee kwa ncha za vidole. Hakuna anayesema kwa nini."

Mwantumu akavua koti alilotengenezewa na mama yake, akalitundika kwenye msumari, akaomba nyundo.

Siku za Taratibu hazina mipaka. Huingiana kama rangi ya chai kwenye maziwa. Alijifunza kutofautisha gogo linalolia kwa unyevu na gogo linalolia kwa uzito. Alijifunza kuuliza bila kuona haya. Alikosea kabari moja, dari ikamdondoshea vumbi usoni, na Sechonge akamwonyesha alipokosea bila kumgombeza. Chuoni alikuwa amefaulu somo la mihimili kwa alama za juu. Sasa aliegemeza shavu kwenye mhimili wenyewe, akausikia ukipumua. Kuna nyakati aliusahau hata mradi wa maji, na alipoukumbuka moyo ulimruka, kwa kuwa alijua hautamsubiri milele.

Kisha habari ikashuka kwa ngazi: wapo Tayari wapya wa kuapishwa, na mihimili ya sakafu mpya imeshaanza kupandishwa kwa kapi.

Sechonge akazunguka msitu wake wote akigusa kila gogo. Aliporudi hakuwa na mzaha tena.

"Hii haitahimili," akasema. "Safari hii itakwenda kwa mkupuo, nasi tukiwa ndani."

"Twendeni tukawaambie."

"Tuwaambie kwa mdomo gani, binti yangu?"

*

Asubuhi iliyofuata Mwantumu akaitwa kwenye usaili. Bi Kidawa akampa soksi nyeupe, naye akapanda ngazi zilizokuwa zikizidi kung'aa kadiri alivyopanda. Maofisa walipishana naye kwa ncha za vidole, mafaili yamekumbatiwa vifuani, kama watu wanaopita penye mgonjwa aliyepata usingizi.

Msaili wake aliitwa Tayari Ngwatu. Alikuwa mzee mwenye macho yaliyochoka na mikono mizuri. Dirisha lake lilitazama mawingu.

"Keti, Bado. Vyeti vyako nimeviona. Kazi umefanya?"

Mwantumu akanyamaza. Akisema amefanya, ataulizwa wapi, na Mabado watang'olewa magogo yao.

Ngwatu akaelewa ukimya huo. "Usihofu. Wengi husema hawakufanya, nasi huandika kwamba wamefanya. Tunakwenda hivyo." Akamsogezea karatasi yenye mstari mmoja. "Saini hapa tu."

Mstari ulisema: *Nyumba haizami, ardhi inapanda.*

"Ukisaini," Ngwatu akaendelea, "leo hii unakuwa Karibu. Unarudi kwenu ukaanze kazi. Nasikia kuna mradi wa maji. Watu wana kiu kule, sivyo?"

Kalamu ilikuwa nzuri na nzito. Mwantumu akaishika. Alimwona mama yake akifungua bahasha, akimsomea jirani kwa sauti. Aliwaona watu wa mlimani na ndoo zao. Uongo wa mstari mmoja, katika nchi ambayo huenda asingeikumbuka akiamka kwao. Kisha akamwona Sechonge, kiganja kwenye gogo.

"Mzee," akasema, "nitaweka saini kama utashuka nami chini kwanza."

"Tayari hawashuki."

"Kuna mtu kule anaitwa Sechonge."

Uso wa Ngwatu ukabadilika. Akainuka nusu, akakaa, akainuka tena.

"Sechonge alirudi kwao," akasema. "Aliniambia mwenyewe kwamba angerudi."

Mzee akavaa koti lake, akatangulia mlangoni.

Walishuka. Mwanga ukawa wa kijivu, kisha wa mabomba. Walipopita kwenye chumba chenye mizizi madirishani, Ngwatu akasimama akakigusa kioo.

"Tulikuwa tunakaa hapa," akasema. "Mimi na yeye. Hapo nje palikuwa na bustani."

Sechonge alikuwa amepiga goti, anakaza kabari. Akainua uso. Wakatazamana, na Mabado wote wakaacha kugonga.

"Ngwatu. Umezeeka, bwana."

"Na wewe uliniambia unarudi nyumbani."

"Nilikuambia hivyo ili usaini kwa amani. Mkeo alikuwa mjamzito."

Ngwatu akatazama huku na huku, kwenye milango iliyosimamishwa kuwa nguzo, kwenye reli, kwenye miguu ya meza. Akaweka kiganja juu ya gogo lililokuwa jirani, akaliegemea kwa sikio. Lilikuwa linalia, sauti nyembamba isiyokatika. Alisikiliza mpaka machozi yakaanza kumtiririka, na hakuyafuta.

"Hili limefungwa na nani?" akauliza mwishowe.

"Na binti huyo."

"Limefungwa vizuri."

Akatoa karatasi ya Mwantumu mfukoni. Penye nafasi ya ushahidi akaandika: *Nimemwona akifanya kazi.* Ile Kauli akaikata kwa mstari mmoja wa kalamu. Kisha akatoa muhuri mdogo wa mbao, akaupulizia pumzi, akaugandamiza.

"Wewe sasa ni Karibu," akamwambia. "Maneno yako yatasikika, lakini nusu. Ndiyo sheria ya wanagenzi. Sentensi ya Karibu husikika mwanzo wake. Mwisho wake ni wa mkubwa wake kuumalizia. Mkubwa wako ni mimi. Twende juu wote wawili. Nitasema mimi."

*

Baraza lilikuwa limekaa kwenye sakafu ya juu kabisa, chini ya anga tupu, kwa sababu paa lilikuwa limeezuliwa kupisha sakafu mpya. Mihimili ilining'inia kwenye kamba, ikizunguka polepole. Tayari wapya walikaa mstari wa mbele, wamenyoosha soksi zao. Wajumbe walikuwa wanajadili kama inafaa kuandika *ardhi inapanda* au *ardhi inazidi kupanda*, na mjadala ulikuwa wa kina.

Ngwatu akasimama.

"Waheshimiwa, nyumba inazama. Nimelijua hilo tangu ujana wangu. Tusipandishe mhimili hata mmoja zaidi. Chini kuna watu."

Mwenyekiti, mtu mwembamba mwenye sauti ya asali, akafunua kitabu cha sheria, ingawa alikijua kwa moyo.

"Anayesema hivyo si Tayari," akasema bila hasira. "Aliyekoma kuwa Tayari ni Bado. Maneno ya Bado kuhusu ujenzi hayasikiki. Kwa hiyo hakuna kilichosemwa. Tuendelee."

"Bado," wajumbe wakaitikia kwa pamoja, kama watu wanaosali.

Juu yao kapi likalia, mhimili ukaanza kushuka mahali pake. Mwantumu akahisi sakafu ikiitikia chini ya soksi zake, mtetemo mdogo mno, kama mtu aliyeshtuka usingizini. Aliufahamu. Lilikuwa gogo, na halikuwa likilia kwa unyevu.

Akafikiri upesi. Akianza na sababu, watasikia sababu peke yake, na sababu hiyo ilikuwa imeshakataliwa. Akapaza sauti kuliko ilivyowahi kupazwa katika nyumba ile.

"Shukeni nyote mtoke nje sasa hivi, kwa sababu nguzo za chini zinapasuka!"

Walikuwa wamesikia *shukeni nyote mtoke nje sasa hivi*. Mwantumu akasubiri mmoja wao aulize kwa nini. Hakuna aliyeuliza. Katika nchi ile amri yenye sababu hujadiliwa, lakini amri isiyo na sababu wameizoea tangu utotoni.

"Imesikika," akasema Mwenyekiti, akafunga kitabu.

Wakainuka. Wakajipanga kwa vyeo, wakashuka kwa ncha za vidole, bila kusukumana, sakafu baada ya sakafu. Mwantumu alitaka kupiga kelele wakimbie, lakini akatambua kwamba mwendo wao wa paka ndio uliokuwa ukiwaokoa. Yeye akawapita pembeni, akashuka hadi kwenye msitu wa magogo. Sechonge alikuwa ameshawatanguliza Mabado wenzake ngazini. Yeye mwenyewe alikuwa amebaki, mgongo umeegemea nguzo iliyopinda.

"Nikiiacha itakwenda," akasema.

"Iache iende, baba. Juu hakuna mtu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Alionekana hajui la kufanya na habari hiyo. Mwantumu akamvuta mkono. Wakapanda pamoja, wakavuka kile kizingiti kirefu, na kabla hawajafika mbali, nyuma yao pakasikika pumzi ndefu. Nyumba ya Majina haikuanguka. Iliketi, kama mtu mzima anavyoketi kwenye kiti chenye mto, na ukuta mweupe ukateremka ndani ya nyasi, dirisha baada ya dirisha, mabomba ya mwanga yakikoroma hewa. Ile mihimili mipya ikateleza kwenye kamba zake, ikajilaza uwanjani. Kisha kimya.

*

Watu wote wa Taratibu wakasimama kwenye nyasi zenye umande, na kwa kuwa kila mmoja, mwenye soksi na asiye nazo, alikuwa na miguu iliyolowa na kuchafuka, hapakuwa na namna ya kumjua Tayari wala Bado. Sechonge alikuwa ameziba macho kwa viganja. Jua lile lisilowaka lilikuwa kali mno kwake. Ngwatu alimshika kiwiko, akimsimulia yaliyokuwepo mbele yao: nyasi, ukungu, watu, kilima kidogo.

Haikuchukua muda Baraza likakutana palepale. Hoja ya kwanza ilikuwa nani akae juu ya nani mahali pasipo na ghorofa. Hoja ya pili ilitolewa na Mwenyekiti mwenyewe: nyumba mpya ijengwe juu ya ile ya zamani, kwa kuwa msingi wake sasa ni mrefu kuliko msingi wowote duniani. Wengi wakaafiki.

Mwantumu hakungoja kura. Alichukua jembe la mtunza bustani, akapanda kile kilima, akapima kwa macho, akaanza kuchimba shimo la kupima udongo. Angeweza kuondoka. Muhuri ulikuwa kwenye karatasi, karatasi mfukoni. Lakini alijua wale watu wangejenga tena kwenye uji uleule kabla umande haujakauka. Kuhusu mradi wa maji, huenda kufikia sasa walikuwa wameshamchukua mwingine. Hilo lilimuuma, akachimba nalo hivyohivyo.

"Karibu!" Mwenyekiti akamwita kutoka chini. "Mwanagenzi hafanyi kazi bila msimamizi. Mkubwa wako amekuwa Bado. Weka jembe chini."

Mwantumu akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu afike, alijisikia kulia.

Ndipo Bi Kidawa akatoka kwenye umati. Akaketi kwenye mhimili uliolala, akavua soksi moja, kisha ya pili, akazikamua maji, akaziacha hapo. Akapanda kilima miguu mitupu, akikanyaga kwa kisigino kizima, kwa kishindo, kama mtu aliyesubiri miaka mingi kufanya hivyo.

"Mimi ni Tayari," akasema akihema. "Nitasimama hapa nimtazame akifanya kazi. Anayetaka kupinga apande huku, tumwone."

Hakuna aliyepanda kupinga. Wachache walipanda kutazama. Sechonge akaletwa, bado amekunja uso kwa mwanga, akaomba aguse udongo uliotoka shimoni. Akaufinyanga, akaunusa, akasema tu, "Endelea." Ngwatu akavua koti akaingia shimoni kumpokea jembe Mwantumu alipochoka, akamwuliza atupe wapi kifusi, naye akamwelekeza. Mmoja wa wale Tayari wapya, ambaye hakuwa amewahi kushika mpini tangu azaliwe, akaomba naye ajaribu. Chini uwanjani mjadala uliendelea, lakini kila muda ulivyopita sauti zilipungua, na miguu iliyopanda kilima ikaongezeka.

Udongo ukawa mwekundu. Kisha ukawa wa changarawe. Mwantumu alikuwa amerudi shimoni, amefika kifuani, vumbi limemjaa nywele. Akainua jembe, akalishusha kwa nguvu zake zote, na mlio ukatoka chini, mkavu, safi, ukapita kwenye mpini hadi mabegani mwake.

"Vipi?" Bi Kidawa akauliza kutoka juu.

"Tumegonga mwamba," akasema Mwantumu, na watu wote wa Taratibu wakaisikia sentensi nzima, wakapiga vigelegele.